Stendi ya Mashine ya Maua

Alhamisi, 10 Julai

Nimerudi kutoka Embu. Nyonga imeunga vizuri, chuma kimekaa mahali pake. Nikafurahi — kidogo tu! Halafu Daktari Rwamba akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nakata maua ya mbao kwa mashine, nimesimama, asubuhi mpaka jioni. Akaweka kalamu chini. Kusimama kumekwisha, akasema. Ama nikae kitako, ama nitafute kazi ingine. Na si kukaa hivi hivi: nyayo chini, mgongo wima, viwiko vimekunjwa sawa na meza, mabega yasipande wala yasishuke. Nikikaa vibaya nitarudi kwake kupasuliwa.

Kukaa kitako! Mimi! Waliponiita Mukiri, jina la mtu mtulivu, walikuwa wanaomba tu.

Nimeingia Majengo muadhini akiita, Mutegi anafunga karakana. Ndugu yangu huyu hakuuliza habari ya nyonga. Aliuliza naanza kazi lini. Nikasema Jumatatu. Uongo mtupu.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekaa mlangoni na magongo yangu, nasikiliza karakana. Chumba chetu mimi na Mama kiko nyuma yake, ukuta ni mabati, nasikia kila kitu. Mutegi yuko kwa mashine yangu. Yangu! Mashine ya maua haisukumwi. Bledi yake ni nyembamba kama uzi, inapanda na kushuka, wewe unazungusha ubao polepole ukifuata mchoro. Mutegi ni mtu wa majeneza na vitanda. Anasukuma ubao kama anasukuma lori lililokwama. Tak! Bledi imekatika. Anafunga mpya. Tak! Nyingine.

Nikapiga kelele: wacha bledi zangu! Akajibu kwamba meza ndiyo mbaya. Na aki ya nani, meza ni mbaya. Ni ile ya Baba, ya kusimamia, mguu mmoja umeliwa na mchwa. Mashine ikiwaka meza yote inatetemeka, misumari inaruka ndani ya mkebe. Mimi nilikuwa nimezoea kuituliza kwa tumbo.

Kazi yenyewe ni ya kanisa moja la Muthara. Mimbari mpya. Mwalimu Lydiah, mwenyekiti wa kina mama kule, aliniagiza mimi kabla ile bodaboda haijanitupa pale Makutano. Wanataka mzabibu mbele, na msalaba katikati. Muthara nzima hakuna mtu ameona mzabibu kwa macho yake! Nikachora majani ya pasheni, yale yanayopanda ua wa jirani. Walipiga makofi.

Mimbari inafunguliwa katikati ya Agosti. Mutegi anasema nisiposhika kazi kufikia mwisho wa mwezi ataikata yeye, na kona yangu ataweka majeneza, maana yanalala nje, na kwa manyunyu haya ya Julai mbao zinavimba. Si mtu mbaya. Ana haki. Ndiyo maana inaniuma.

Mama naye ana mpango wake. Niuze ndizi hapa mlangoni, nimejifunika leso magotini. Ati si daktari alisema nikae? Heh!

Jumatatu, 14 Julai

Nimechora stendi. Sikuweza kungoja chai. Miguu mitatu, kwa sababu sakafu yetu ina mabonde, na kitu cha miguu mitatu hakichezi hata ukiweka juu ya mawe. Uso wake unainama kidogo kuja kwangu, nione mstari bila kukunja shingo. Chini, sanduku la mchanga, stendi iwe nzito isiruke. Mpira wa tairi chini ya kila mguu, na mwingine kati ya mashine na ubao, umeze mtetemo. Swichi ya kukanyaga upande wa kulia, kwa mguu wangu mzima. Droo ya bledi. Taa. Na kiti chake. Stendi ya mtu mmoja duniani, anaitwa Mukiri.

Kilichobaki ni kunipima tu. Kutoka sakafuni mpaka kwa kiwiko, nikiwa nimekaa wima. Kitu cha kufumba na kufumbua! Nikampa Mutegi tepu. Akaficha mikono nyuma kama nampa nyoka. Hapana, dada, akasema. Mtu mwingine yeyote, si wewe.

Najua ni kwa nini. Hii ni karakana ya majeneza. Tangu enzi za Baba, tepu ya hapa inampima mtu mara moja tu, na huyo mtu hajui kama anapimwa. Mutegi akiitoa barabarani watoto wa Majengo wanatimua mbio wakicheka. Wazee hawakimbii, lakini wanavuka upande ule mwingine. Mteja wa kitanda tunapima godoro lake, yeye hatumgusi. Lakini nilidhani kati ya dada na ndugu hayo ni mzaha. Kumbe.

Nikamwita Mama. Mama amekuwa fundi cherehani maisha yake yote, ameshona sare za nusu ya watoto wa mji huu. Macho yalipofifia aliacha kushona, ila tepu yake ya kitambaa bado anaivaa shingoni, mpaka kanisani. Hakufika hata kizingitini. Hajaingia humo tangu siku Baba alipolazwa ndani ya sanduku lake. Aliongea akiwa nje, kwa Kimeru, ile sauti ya chini ninayoiogopa tangu utotoni: tepu ya chuma isikuguse, Mukiri. Kifo kimekusahau, sasa unataka kukikumbusha?

Watu wazima hawa! Nimezunguka uani na magongo mpaka makwapa yakachubuka.

Jumanne, 15 Julai

Nimejipima mwenyewe. Nani atanizuia? Nimekaa kwa stuli, nikakanyaga ncha ya tepu, nikaivuta mpaka kwa kiwiko, nikasoma. Imeisha! Namba nimeandika ukutani kwa penseli, kubwa, waione.

Mchana Mutegi ameniletea mbao. Muringa! Kavu, nzito, zimepigwa randa zikang'aa. Nikashangaa. Siku hizi watu wanatuletea mbao rahisi, mubariti mbichi, ukipiga msumari maji yanakurukia. Nikamwuliza hizi alikuwa amezificha za nani. Akasema ni zako. Halafu akatoka nje kupokea simu. Simu yenyewe haikulia.

Alhamisi, 17 Julai

Leo nimefanya kazi! Nimekaa, nimesimama, nimekaa, nimemeza dawa, nimefanya kazi. Muringa unanukia vizuri ukikatwa. Nilikuwa nimesahau. Miguu mitatu iko tayari, imetanuka kama ya mtu anayekataa kusukumwa. Mpira wa tairi nimeukata kwa kisu cha muuza nyama wa jirani. Akanionya nisimrudishie kikinuka tairi. Kimenuka.

Mama ameweka chai juu ya lile jiwe la mlangoni, kama kila siku, akaondoka bila kutazama ndani. Nimemwimbia wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya makusudi. Nimesikia akicheka kule uani, kisha akajizuia.

Jumamosi, 19 Julai

Nilitaka ubao wa sanduku la mchanga. Zilibaki mbao ndefu mbili zimeegemea ukuta. Nyonga ikanikaza, nikaacha magongo, nikaegemea ubao mmoja nipumzike. Mgongo juu yake, kichwa juu yake. Nikainua mkono kushika ncha ya juu. Kiganja. Ubao umenipita kwa kiganja kimoja. Nikaugusa tena. Nikaenda kwa ule mwingine. Kiganja.

Mutegi akikata jeneza huongeza kiganja kupita kichwa cha mtu, asibanwe. Ndivyo Baba alivyomfundisha. Sisi wote wawili alitufundisha.

Nikamwita. Akaona nimesimama wapi, akajua. Akakaa chini, kwenye vumbi la mbao, mwanamume mzima. Akasema siku ile ya bodaboda mtu alimpigia simu kutoka Makutano: dada yako hayuko tena. Hakujua afanye nini na mikono yake. Hakumwambia Mama. Aliingia humu akachagua muringa alioachiwa na Baba, akaanza kukata. Tepu hakuitafuta, alinipima kwa macho, ananijua. Alikuwa ameshakata zote wakati simu ya pili ilipokuja kwamba napumua, napelekwa Embu.

Nilikupima mara moja, akasema. Ya pili siwezi. Usiniambie tena, dada, nakuomba.

Nikalia. Yeye pia. Halafu nikakasirika — muringa wa Baba, na hata hakuuliza kama ningetaka mubariti! Tukacheka kama wendawazimu. Mama akauliza kutoka nje kuna nini. Tukasema hakuna.

Mama asijue. Mungu wangu, asijue.

Jumapili, 20 Julai

Kanisa. Sikusikia neno hata moja. Nilikuwa natazama mimbari ya kanisa letu, imekatwa vibaya, majani kama masikio. Mama kaniminya mkono niache kutingisha mguu.

Jumatatu, 21 Julai

Imeharibika!

Stendi yenyewe ni nzuri. Nasema ukweli. Tumefunga mashine, tumejaza mchanga kwa sanduku la vipande vya mubariti, nikawasha — kimya! Misumari imelala ndani ya mkebe kama imekufa. Mutegi akapiga mluzi. Nikakaa, nikakanyaga swichi, nikaanza jani la kwanza. Bledi inaenda, mstari naufuata, raha tupu. Jani la pili mgongo ukaanza kuuma. La tatu nyonga ikawaka moto. Nikajitazama. Nimeinama! Mabega yamefika chini. Meza ni fupi.

Nikaenda kwa ile namba yangu ukutani, nikakaa tena kwa stuli na tepu, nikafanya kama siku ile. Na nikaona. Nikiinama kusoma namba, bega linashuka, kiwiko kinashuka nalo. Nilipima mtu aliyeinama. Huwezi kujisoma kiwiko chako na huku umekaa wima, huwezi, shingo haifiki. Na miaka yote hii najiita fundi! Nimeipiga stendi teke kwa mguu mbaya. Nimelia kwa uchungu na kwa hasira, sijui ipi ilitangulia.

Mbao zimebaki zile mbili ndefu. Zinatosha miguu mitatu tu. Nikikosea tena, muringa umekwisha, na kona imekwisha, na mwezi umekwisha.

Jumanne, 22 Julai

Hii nitaicheka siku moja. Si leo.

Maumivu yalinizidi karibu na saa nne. Mutegi akaweka ubao juu ya stuli mbili, nikalala chali juu yake ninyooshe mgongo. Macho nimefunga, mikono nimeweka kifuani. Sasa Mutegi, na akili zake, akachukua tepu apime ile miguu fupi ya stendi. Akasimama kando yangu, tepu mkononi, anawaza.

Chai ilikuwa juu ya jiwe, imepoa, hakuna mtu ameichukua. Mama akachungulia.

Sijawahi kusikia mtu akilia hivyo. Kikombe cha chai kikaanguka. Muuza nyama akatoka na kisu mkononi, akaona, akavua kofia. Wanawake wa uani wakaja wakikimbia, mmoja ameshashika kichwa, mwingine ameshaanza kunililia kwa jina. Nikaketi niseme niko hai. Makosa! Yule wa mbele akapiga unyende wa pili akamwangukia mwenzake.

Mama alikuwa ameingia ndani. Sijui kama alijua ameingia. Alimnyang'anya Mutegi tepu, akamchapa nayo begani, mara nyingi, mtu mzima mwenye watoto watatu! Halafu akanishika uso kwa mikono yote miwili, akanipapasa macho, pua, mdomo. Akatoka na tepu.

Jumatano, 23 Julai

Mama haongei. Tepu ya karakana ameificha. Mutegi anapima kitanda cha mteja kwa ufito wa mwanzi na haya usoni.

Mvua ya manyunyu. Nimetoka, nimeingia, nimetoka. Nimepanga droo ya bledi mara ngapi sijui.

Ijumaa, 25 Julai

Mwalimu Lydiah amekuja kutoka Muthara na mfuko wa maparachichi. Ameona stendi, ameona yale majani matatu, akayashika kama mayai. Akasema kanisa halina haraka na mimi, ila siku ya ufunguzi imeshatangazwa, na askofu haahirishwi. Jumatatu anataka jibu: mkono wangu ama wa Mutegi. Amesema wa Mutegi kwa adabu sana. Mutegi amekohoa.

Akaenda kumsalimia Mama uani. Nikasogeza stuli karibu na mabati — ndiyo, nimesikiliza, na nini? Lydiah anamkumbusha ile sare aliyomshonea binti yake akiingia darasa la nne. Pindo lilikuwa refu, wakawa wanalishusha kila mwaka, binti akamaliza nalo darasa la nane. Watu walicheka shule ilipofunguliwa, anasema, lakini wewe ulijua mtoto anaenda wapi. Mama akacheka. Kicheko cha kwanza tangu Jumanne. Halafu Lydiah akamwuliza polepole kwa nini stendi ya Mukiri ni fupi. Sikusikia jibu. Muuza nyama alikuwa anakata mifupa.

Jumamosi, 26 Julai

Naandika nikiwa kwa stuli, ndani ya karakana, haraka haraka.

Mama ameingia. Kwa miguu yake, asubuhi, ameoga, amefunga kitambaa cha kanisani. Amesimama kizingitini muda, akishika mlango. Mutegi akasimama. Mimi nilikuwa nimekaa na magongo magotini, sina mpango wowote tena. Akapita karibu na pale Baba alipolazwa, akapagusa kidogo kwa vidole, akaja kwangu.

Akavua tepu shingoni. Ile yake, ya kitambaa, ya manjano, imechakaa mpaka namba za mwanzo zimefutika. Siku zote hizi iko hapo shingoni na mimi nilikuwa naona ya chuma tu!

Kaa kama unaenda shule, akasema.

Nikakaa. Akaniwekea kiganja mgongoni, akanisukuma mpaka nikawa wima kabisa, mabega akayashusha, akanikunja mkono. Sijashikwa hivyo tangu nikiwa mtoto. Akapiga magoti — na magoti yake yale! — akabana ncha ya tepu kwa kisigino changu, akapanda nayo polepole kwa vidole, shavu la mguu, goti, mpaka kwa kiwiko. Namba haoni. Akabana mahali kwa ukucha wa kidole gumba, akasimama, akaniletea tepu mbele ya macho nisome. Usiiname, akasema. Ukiinama nakuchapa.

Nikasoma. Karibu kiganja kizima juu ya namba yangu ya ukutani. Mutegi akaiweka kwa ubao, alama ya kwanza.

Halafu Mama akasogeza ukucha. Kidogo tu, juu.

Na inchi ya kukulia, akasema.

Nikacheka. Mama, nina miaka arobaini na moja! Yeye hakucheka. Nikamweleza vizuri, kama fundi: meza ikizidi, mabega yatapanda, daktari alikataa hilo pia. Akasema yeye hajawahi kumpima mtoto wake bila kumwachia pindo, na hataanza leo. Ikizidi utapunguza. Ikipungua utarefusha na nini? Nikamtazama Mutegi anisaidie. Mutegi alikuwa anatazama zile mbao mbili ndefu juu ya meza, zile zilizonipita kwa kiganja, na machozi yanamtoka wazi wazi bila kuyafuta. Akachukua penseli akaweka alama ya pili, juu ya ile ya kwanza.

Nikamwambia Mama asante. Akasema asante ya nini, keti wima.

Sasa alama ziko mbili. Mutegi ameshika msumeno, anauliza akate wapi. Mama ameweka kidole juu ya ile ya juu na hakitoi. Mimi ndiye fundi wa stendi hii, mimi ndiye wa kusema. Nimewaambia ningojeni kwanza niandike.

Andika haraka, dada, anasema Mutegi. Unaendelea kukua.